Ramani Isiyo na Mwandulu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Waheshimiwa Madiwani mliofika kutoka kata za mbali, na barabara zenyewe mnazijua. Ndugu Kassiani, Mkuu wa Mradi wetu wa Mipaka ya Vijiji. Wazee wa Isumba na wazee wa Mwandulu. Mapadre, masheikh, wafanyakazi wenzangu, kina mama mnaohangaika na moshi huko nyuma, na nyie watoto mliokalia matofali kwa sababu viti vimekwisha: nawasalimu nyote. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleykum. Na kwa ndugu zetu wa Mwandulu, mwadila.

Nimepewa nafasi ya kutoa neno la shukrani kwa sababu mimi, Pudensiana, mchora ramani, mnayenijua zaidi kama Mama Aneth, leo nastaafu. Ratiba inasema niseme kidogo, kwaya iimbe, Mheshimiwa atie saini ramani hii iliyotundikwa nyuma yangu, halafu tule pilau. Ratiba hiyo niliiandaa mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu nikiivunja. Tena niseme mapema kwamba sikuja na furaha. Mliozoea kunisikia natania pale ofisini mnivumilie, leo utani umenikauka mdomoni.

Shukrani yangu ya kwanza ni kwa Ndugu Yotham, mtaalamu aliyeletwa na mradi kutoka Dar es Salaam, ambaye sasa yuko masomoni ng'ambo. Yotham alitukuta na taabu ya ajabu. Mradi ulinunua kompyuta mpya, nzuri, ya kisasa kabisa ya mwaka huu wa tisini na tisa; lakini programu ya kuchorea ramani tuliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, nayo ilikataa katakata kukaa kwenye kompyuta hiyo. Tufanyeje? Yotham akatengeneza kompyuta nyingine ndani ya ile kompyuta. Si ya bati wala ya nyaya, ni ya kufikirika tu, lakini programu ya ramani ilipowekwa humo ilidanganyika, ikadhani iko kwao, ikafanya kazi. Ile ya nje tukaiita Mama, na ile ya ndani tukaiita Mtoto. Mzee mmoja wa Ilembo alikuja kuulizia kiwanja chake, akasikia tunasema Mtoto amelala, msimwamshe, akatembea kwa kunyata mpaka mlangoni.

Sasa nieleze jinsi tulivyomlea, maana bila hilo hamtanielewa. Umeme wa mji wetu mnaujua. Jenereta ikitaka kuzimwa, taa hupepesa mara moja, na kila mwenye kazi yake huanza kukimbia. Sisi taa zikipepesa, tulikuwa tunamlaza Mtoto: tunamsimamisha palepale alipo, na kesho tukimwamsha anaendelea kutoka pale. Kumzima kabisa hatukuwa na nafasi. Na Yotham alikuwa ametuonya wote, mimi, Ndugu Kassiani, na kila aliyegusa zile batani. Alisema: "Jamani, nimemtengeneza hivi kwa sababu ya huu umeme wenu, asije akaharibika akakosa pa kurudi. Siku mkimzima kabisa, atawauliza: yote mliyoniongezea tangu Yotham aondoke, niyatunze au niyatupe? Mkisema tupa, atarudi kama nilivyomwacha mimi. Hatakumbuka kitu." Tukaitikia wote. Nani kati yetu hakuitikia?

Shukrani yangu ya pili ni kwa wazee wawili, na hapa naomba mnisikilize kwa utulivu.

Mnajua habari za bonde la Nsengwe, kule mbele ya Sitalike. Watu wa Isumba wamelijua tangu babu zao. Watu wa Mwandulu walikuja na ng'ombe wao kutoka Usukumani, wakafyeka, wakalima mpunga, wakazaa, wakazika. Ng'ombe wakaingia kwenye mihogo. Mihogo ikaleta matusi, matusi yakaleta mapanga. Wengine waliokaa hapa leo wana makovu, sitawataja. Ramani ya zamani ilisema bonde lote ni la Isumba, wala haikujua kama kuna kitu kinaitwa Mwandulu. Ndipo mwaka huu, kiangazi, marehemu Mzee Luhende wa Mwandulu na Mzee Ambrosi wa Isumba wakakubali jambo ambalo sisi wa ofisini tulikuwa tumelikatia tamaa. Wakasema, "Tutautembea mpaka wenyewe, wawili, na nyie mtufuate na karatasi zenu."

Nilikuwepo. Nilibeba karatasi. Siku ya kwanza hawakusemeshana. Mmoja anatangulia, mwingine anakohoa nyuma. Siku iliyofuata Mzee Luhende alitumbukia kwenye tope la mto, na Mzee Ambrosi akamvuta kwa fimbo yake huku akimtukana, "Wewe Msukuma, ng'ombe umewajulia lakini mto umekushinda!" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Kuanzia hapo kazi ikaenda. Kila penye kona Mzee Ambrosi alikuwa anachomeka fimbo ardhini na kusema, "Mpaka hapa ni wenu, kutoka hapa ni wetu," na Mzee Luhende anajibu, "Nimekubali mbele ya hawa." Mimi naandika, nachora. Sijawahi kuchora mstari kwa moyo mweupe namna ile.

Mstari ule tukauingiza kwa Mtoto. Mzee Luhende alikuja Mpanda kwa baiskeli kuuona, akaomba nimsomee jina la kijiji chake kwenye kioo. Nikamsomea: Mwandulu. Akataka nimsomee tena. Hatukumpa nakala, maana wino wa ile printa kubwa ya ramani ulikuwa umebaki kidogo na tuliutunza kwa ajili ya ramani ya leo. Akaondoka na maneno yangu tu. Mvua zilipoanza, malaria ikampanda kichwani, na ninyi watu wa Mwandulu mkamzika huko bondeni. Mungu amlaze mahali pema.

Shukrani ya tatu ni kwa usafi.

Msicheke. Mheshimiwa, ukitazama nje utaona mawe yote ya njiani tumeyapaka chokaa, na miti tumeivisha soksi nyeupe. Ndivyo tulivyolelewa: akija mkubwa, asikute takataka. Mapazia yamefuliwa. Nyasi zimefyekwa. Mimi, kwa kuwa ni mwanamke na nastaafu, niliwekwa kamati ya chakula, nikawa sokoni natafuta mchele. Huku nyuma ofisi ikasafishwa. Makaratasi ya uwandani, yale ya penseli, yenye tope la Nsengwe, yakaonekana ni uchafu. Ya nini tena wakati yote yamo kwenye kompyuta? Yakachomwa shimoni pamoja na majani. Halafu ikaja zamu ya kompyuta. Mtoto alikuwa amekuwa mzito kuamka, na Ndugu Kassiani alihofia kwamba Mheshimiwa atasimama mbele ya kioo akisubiri, tuaibike. Akamzima kabisa ili aamke na wepesi. Mtoto akauliza lile swali lake. Niyatunze au niyatupe? Na siku ile, Mheshimiwa, ofisi nzima ilikuwa na neno moja tu mdomoni. Tupa.

Ndugu Kassiani, usiinuke, tafadhali. Sikusemi kwa ubaya. Umenisaidia nilipofiwa, umenibebea mgonjwa kwa gari la mradi, na haya ninayoyasema umeniambia mwenyewe, mlango umefungwa, machozi yakikutoka. Ramani ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye printa. Nikakuuliza, "Mwandulu iko wapi?" Ukasema, "Mama Aneth, tumalize shughuli kwanza. Mengine tutarekebisha mwakani." Nami nikakuuliza, mwaka upi? Mradi unafungwa leo. Kompyuta inapelekwa makao makuu. Mimi nakwenda kulima mahindi. Nani atarekebisha?

Ndiyo, ndugu wageni waalikwa. Ramani hii nzuri, yenye rangi ya kijani na mito ya buluu, ni ile ya zamani, kumbukumbu ya Mtoto kabla hajaambiwa lolote na sisi. Bonde lote la Nsengwe humu ni la Isumba. Mpaka waliotembea wazee wawili haumo. Ikishatiwa saini itakwenda Sumbawanga, itakwenda wizarani, na watu watakaotumwa huko mbele hawatauliza nani alivutwa kutoka kwenye tope. Watafungua ramani. Na mtu asiyekuwemo kwenye ramani, katika nchi hii tunamwitaje? Tunamwita mvamizi. Na mvamizi anafanywaje? Hilo nalo tunalijua, tusidanganyane.

Niliwaza kunyamaza. Kusema kweli, nilikuwa nimekwisha amua. Mtu ukistaafu unataka uage vizuri, upewe kanga zako na redio yako, upigiwe makofi. Lakini asubuhi, wakati tunapanga viti, alikuja mama mmoja kutoka Mwandulu. Ndiye yule pale nyuma, mwenye kitenge cha njano, amembeba mjukuu. Ni Mama Dorotea, mjane wa Mzee Luhende. Alisimama mbele ya ramani hii muda mrefu. Kusoma hajui. Akanishika mkono akasema, "Mayu, mama yangu, macho yangu mabovu. Sisi tuko wapi humu? Nionyeshe, nimwonyeshe na huyu mtoto mahali alipolala babu yake."

Nikamwambia, subiri mama, kwanza nipange viti.

Mheshimiwa, naomba usiitie saini ramani hii. Najua umeacha kazi nyingi kuja hapa, najua kwaya imefanya mazoezi, na najua nimemwaibisha mkuu wangu mbele yako siku ambayo alipaswa kunisifu. Naomba tu mpaka ule utembewe upya kabla mradi haujafungwa. Karatasi zimeungua. Mtoto hakumbuki. Mzee Luhende yuko udongoni. Amebaki mtu mmoja anayejua fimbo ilichomekwa wapi, naye yuko hapa, kwenye safu ya mbele.

Mzee Ambrosi. Baba yangu. Shikamoo. Najua wajukuu wako wamekwisha kusikia kwamba bonde lote limerudi kwenu. Habari hizo zimetangulia kuliko ramani yenyewe, na wameanza kugawana. Najua ukisimama hapa utarudi nyumbani kwa watu ambao hawatakupa maji ya kunawa. Sikuombi hotuba. Nakuomba usimame tu, Mheshimiwa akuone, ajue kwamba sisemi uongo, kwamba ulitembea, na Luhende akatembea, na mlikubaliana.

Baba?

Nasubiri. Hatuna haraka, pilau halikimbii.

Mzee, hata ukininyooshea hiyo fimbo inatosha.

Haya. Naona umeinama, baba. Wala sitakulazimisha, uzee unataka pa kulala. Wazee wa Isumba mlio pembeni yake, naona na nyie mnatazama viatu vyenu.

Basi nimalizie, maana nimewachosha. Mheshimiwa, kalamu iko mezani kwako na sina la kuongeza. Ndugu Kassiani, asante kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Kina mama, mnaweza kupakua. Na wewe Mama Dorotea, uliniuliza jambo nikakukimbia, nawe umekaa juani mpaka saa hizi ukisubiri. Nakujibu sasa, mbele ya watu wote, ili asiwepo wa kukuambia baadaye kwamba hukuambiwa. Humu hammo, mama. Wewe humo, huyo mtoto hayumo, na kaburi la mzee halimo.

Kwa wote mlionisikiliza mpaka hapa, nawashukuru. Asanteni.