Mlio wa Arobaini na Tatu

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa kwenye mchanga wa ufukwe wa hoteli yetu, Mama Vizibo anastaafu.

Alianza na reki, akapanda hadi kukabidhiwa ile mashine ya kutafutia vyuma, ambayo wageni wengi hudhani ni fagio la umeme. Mtu akipoteza mkufu au hereni mchangani, anaitwa yeye. Jina alilipata kwa sababu kila kizibo cha soda alichochimbua alikitia mfukoni. Akija, unamsikia kabla hujamwona.

Mimi nimetembea, nimeona mengi, na kwa masikio sina mpinzani hapa kazini. Hata hivyo Mama alinifundisha milio ya mashine. Kizibo cha chuma hukoroma kama mlevi. Dhahabu hulia laini, na ukizunguka ukaipitia kwa upande wa pili, inalia vilevile. Balaa ni kile kishikio cha kufungulia kopo: nacho hulia laini kama pete, kinadanganya kuliko mchumba. Hapo, alisema, sikio limefika mwisho wa kazi yake. Piga magoti uchimbe.

Mimi, na suruali yangu hii, nipige magoti? Siku dada yetu wa chumba cha kufulia alipodondosha pete aliyovishwa na marehemu mumewe, nilibonyeza kitufe cha mashine cha kunyamazisha milio ya takataka, vishikio vikiwemo, nikamaliza ufukwe mzima kwa saa moja, kisha nikatangaza, kifua mbele, kwamba pete imekwenda na maji. Dada akakaa juu ya rundo la mashuka.

Mama Vizibo akaniuliza tu kama na dhahabu niliinyamazisha. Akakizima kile kitufe, akaanza upya. Alichimba vishikio vya makopo arobaini na viwili. Mlio wa arobaini na tatu ulikuwa uleule, nikamsihi aache, Mama, hilo nalo ni kopo. Akapiga magoti.

Dada alilia alipoivaa tena pete yake, na mimi nililia, ingawa niliwaambia watu ni jasho.

Sasa mashine ameniachia mimi. Kile kitufe amekifunika kwa plasta, na suruali yangu imeshatoboka magotini.

Asante kwa kila shimo, Mama. Tunakuombea miaka mingi ya afya na kicheko. Yapumzishe magoti yako, yangu yapo.