Mke kwa Mlango

Nyinyi wajukuu hamna kazi. Kila mgeni akiingia ni "Nyanya, simulia ile ya Sharubu," kana kwamba mie redio. Haya, niondosheeni paka huyu mapajani, na atakayenikatiza atajua mwenyewe. Kisa chenyewe ni upuzi wa wanaume wazima.

Pale Mji wa Kale, chini ya dirisha la Khairiya, pana baraza ya mawe ambapo watu hunywa kahawa ya Gunga mchuuzi baada ya alasiri. Zamani walicheza dhumna. Kisha Bassam, mwenye duka la viungo, akaleta mchezo wa kujifanya: kila mtu ajitungie karatasini mtu wake wa kale, Bassam aseme yanayowafika, na ukitaka kujaribu jambo gumu warusha dadu. Chonga, fundi wa maboti kule Liwatoni, akawa mtu wa panga. Idarus, mume wa Khairiya, akataka uchawi. Huyo ndiye Sharubu: masharubu yake ameyalea kwa kichana na mafuta ya nazi kuliko alivyowalea wanawe. Alidhani atapaa, atageuza watu mbuzi. Kumbe uchawi wa dunia ya Bassam ni wa kubana. Kila ukiroga, lazima utoe kitu ukipendacho. Chonga akizungusha panga mara moja, maadui chali. Sharubu, kwa jasho lote, alikuwa amempigisha chafya mlinzi mmoja, na ikamgharimu mchawi wake jino la mbele.

Siku moja, mchezoni, wakafika mlango wa hazina.

— Utaufungua kwa uchawi, alisema Bassam, lakini hapa sitaki jino. Toa kitu cha thamani. Watoa masharubu?

Sharubu akayashika kwa mikono miwili.

— Masharubu? Hata! Namtoa mke.

Na mke wa mchawi wake, kwa uvivu wa kutunga, alikuwa amempa jina lile lile la mkewe wa nyumbani. Akasimama, akanyoosha mkono kama mtu wa maana:

— Khairiya, nimekuacha!

Akarusha dadu. Mlango wa hazina ukafunguka, watu wakashangilia. Juu yao dirisha likafungwa pa!

Jioni Sharubu alikuta mlango wa nyumbani una komeo kwa ndani. Akalala dukani kwa Bassam, baina ya magunia ya bizari. Kesho yake alikuwa barazani akipiga chafya, harufu ya mchuzi wa Khairiya yamshukia puani, na hajui kama ana mke au hana.

— Nauliza jambo moja tu, alisema. Nimeacha, sijaacha?

— Hujaacha, alisema Chonga. Aliyeacha ni mchawi. Weye ulikuwa umekaa hapa, wanywa kahawa.

— Mdomo ulikuwa wa nani? akauliza Gunga, akimimina.

— Wa Idarus.

— Basi mchawi aliazima mdomo. Mimi nikikuazima birika langu ukamuunguza mtu, si kaungua?

— Gunga, ndugu yangu, usinitie moto.

— Si neno, alisema Bassam. Talaka moja tu hiyo. Mtu humrejea mkewe, yakaisha.

— Moja? Chonga akaweka kikombe chini. Dadu lilianguka ngapi?

Bassam akatazama viatu vyake.

— Ngapi, Bassam?

— Tatu.

— Laa haula! alisema Gunga. Basi talaka ni tatu.

Sharubu akakaa.

— Ngojeni, alisema Bassam. Dadu lenyewe liliegemea ukuta. Tatu ya kuegemea ni moja na nusu.

— Nusu talaka! Gunga akapiga kofi. Basi Khairiya ni nusu mke. Sharubu aingie mpaka chini, asipande ngazi.

— Na chakula nile wapi?

— Ngazini.

— Dawa ipo, alisema Chonga. Zikifika tatu, mwanamke huolewa kwanza na mwengine, akiachwa huko ndiyo hurudi. Yameharibika mchezoni, tuyatengeneze mchezoni. Mtu wangu wa panga hana mke. Namuoa leo, namuacha kesho.

— Wamuoa nani?

— Khairiya. Wa karatasi.

— Mbona kesho? Si umuache leo leo!

— Hata chai asinipikie?

Sharubu akaruka, akamkamata Chonga ukosi wa shati. Jana alimtoa mke kwa mlango. Leo hataki aolewe hata na karatasi.

Dirisha likafunguka.

— Nyinyi.

Wote wakaganda, Sharubu mikono ingali shingoni mwa mwenzake.

— Khairiya, mama watoto...

— Huo mlango wa hazina, alisema Khairiya. Kuna aliyejaribu kuusukuma kwanza?

Sharubu akamtazama Chonga. Chonga akamtazama Gunga. Gunga akafunua birika, akachungulia ndani kama jawabu limo humo. Mwisho wote wakamgeukia Bassam.

— Hawakuniuliza, alisema Bassam polepole.

— Ulikuwa na kufuli?

— Ulikuwa umerudishwa tu.

Sharubu akapiga chafya.

— Basi sikiliza, Idarus. Sheikhe nimemuuliza asubuhi. Alicheka hata kilemba kikamteleza. Amesema hiyo ni hadithi ya mtu mwengine, ndoa yangu haikuguswa. Mkeo mie. Lakini mlango wangu una komeo la kweli, na weye ni mchawi. Mchawi hulipa nini?

— Kitu akipendacho, alisema Sharubu.

— Na kitu hicho si mie. Hilo tushalijua.

Mkono wa Sharubu ukapanda wenyewe mdomoni. Akawatazama wenzake wamtetee. Chonga alikuwa anafunga vifungo vya shati, Bassam anakusanya madadu yake, na Gunga alisema kahawa imekwisha.

Khairiya alimnyoa mwenyewe, pale kizingitini, kwa wembe na sabuni ya kufulia, baraza nzima ikitazama. Alipomaliza, mdomo wa juu ulikuwa mweupe kama kuku aliyenyonyolewa. Sharubu akaingia ndani kula, komeo likarudi nyuma yake. Masharubu yakabaki kizingitini mpaka Khairiya alipoyafagia asubuhi, pamoja na majani ya chai.