Sauti Ile Si ya Jerusha

Wasikilizaji wapendwa, tangu Jumatatu mnanitumia video moja. Mnaniambia, tuwekee hiyo, tumsikie Jerusha.

Siiweki. Sauti iliyomo si ya Jerusha.

Jerusha Oloo alikuwa mwigizaji wa jukwaani, na wa filamu zisizo na maneno. Alifariki wiki iliyopita hapa Doha kwa homa ya mapafu.

Alizaliwa Oyugis, Kenya. Alianza na kikundi kilichozunguka shule za sekondari, kikiwaigizia wanafunzi vitabu vya mtihani. Dada yake Cheryl, muuguzi hapa Doha, anakumbuka: "Alikuwa na sauti ya kufika mpaka getini. Mwalimu mkuu mmoja alitoka ofisini mbio, akidhani kuna vita."

Akaja Qatar kufanya usafi hotelini. Chumbani kwake, mtaa wa Muaither, kulikuwa na Mnepali, Mfilipino na Mganda. Akiigiza kwa Kiswahili, ni Mganda tu aliyecheka. Siku aliyonyamaza akaigiza kwa uso na mikono, walicheka wote.

Hapo ndipo Zuberi, dereva kutoka Tanga, alipoanza kumrekodi filamu kwa simu, kila Ijumaa.

Mnaijua ile ya sahani. Mwanamke anaongea na mama yake kwa video. Anamwonyesha sahani ya wali na nyama. Simu ikikatika, anamrudishia jirani sahani yake, anakaa kitandani, anakula hubusi, mkate wa Kiarabu, kavu. Hakuna neno hata moja linalosikika.

Kampuni moja ya matangazo ikaichukua bila kuomba. Ikaondoa sehemu ya kula hubusi. Ikabandika sauti ya msichana mwingine: "Mama, huku ni raha tupu!" Ikaitumia kuuza vifurushi vya simu. Ndiyo hiyo mnayonitumia.

Jerusha na Zuberi walikwenda ofisini kwao.

"Dada, filamu bila maneno haiuziki," wakaambiwa.

"Sikuitengeneza iuzwe," akasema Jerusha. "Toeni hiyo sauti."

Hawakuitoa. Sisi redioni tumewaandikia mara tatu. Wanajibu, tutaangalia. Jerusha amekufa, bado wanaangalia.

Yeye hakukaa kungoja. Aliipeleka sahani jukwaani, kwenye ukumbi mdogo mtaa wa Al Mansoura, akaigiza yote kimya, mpaka tonge la mwisho la hubusi. Nilikuwepo. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wanafuta macho. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho jukwaani.

Juzi nilimpigia mama yake, Oyugis. Nikamuuliza kama aliwahi kuiona ile filamu. Akasema: "Zote mbili. Ile yenye sauti nilimwambia Cheryl azime. Mtoto wangu alikuwa ananiambia ana njaa, na huyo msichana anampigia kelele."

Mama, Cheryl, Zuberi, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nanyi wasikilizaji, kama mnayo ile yenye sauti, ifuteni. Tafuteni ya Zuberi, muitazame mpaka mwisho. Halafu jiulizeni, nyumbani mmewaambia nini.