Kompyuta ya Ngombezi Iliyovuta Miguu Baada ya Kupewa Zawadi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Shirika la Tarakilishi Kijijini, pamoja na wote uliofuatana nao. Mwenyekiti wetu, Mzee Semboja. Mama zetu wa Kwamndolwa na wageni waliotoka Handeni: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

MAKARIBISHO

Sisi wanakikundi wa Mkonge Uchapaji, Ngombezi, tunakupokea kwa mikono miwili. Ofisi hii imepakwa chokaa kwa ajili yako, na kwa kuwa mvua imetuchelewesha, tunakuomba usiegemee ukuta. Mwenyekiti alitaka risala iwe fupi na ya shukrani tupu. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaridhika, akaugonga muhuri. Huu ndio ukurasa wa kwanza.

HISTORIA FUPI

Babu zetu walikuja hapa kukata mkonge, kutoka kila upande wa nchi na hata nje yake. Mashamba yalipobinafsishwa na soko huria likaingia, sisi wajukuu tulilazimika kutafuta riziki nyingine. Wapo walioshika mitumba, wapo walioshika jembe, na sisi tukashika uchapaji: kadi za harusi, kalenda, na lebo za asali. Ulipotupatia kompyuta yenye programu huria, ambayo haidai leseni kila mwaka, ulituinua, na hilo tunalisema bila kusukumwa na mtu.

MAFANIKIO

Mwaka huu wa 2008 kadi zetu zimefika hadi Chanika, na watu wanaziulizia. Anayezichora ni katibu wetu, Hosiana, binti wa marehemu aliyeendesha mashine ya kusaga mkonge kiwandani. Maua anayoyaweka pembeni mwa kadi yamewafanya wateja wengine wawapite wachapaji wa mjini na kuja mpaka huku kwetu.

CHANGAMOTO

Hapa ndipo ukurasa wa pili unapoanza.

Mwezi uliopita ulitutumia sidii ya toleo jipya la programu hiyo, ukaagiza tuiweke kabla hujafika, ili uje kuizindua. Hosiana aliiweka siku hiyo hiyo, roho kwatu. Kompyuta ikawaka, ikapendeza, kisha ikaanza kuvuta miguu. Dirisha la kwenye skrini ukilisogeza, linaacha mkia nyuma yake. Mshale ukawa unaruka kama panzi, na feni ikavuma hadi jirani akauliza kama tumenunua mashine ya kusaga.

Siku hiyo Mama Naishorua alikuwa amekuja kuangalia kadi ya harusi ya mwanawe, Keriako. Kadi ilijichora kutoka juu, mstari kwa mstari. Ua likatokea. Jina la Keriako likatokea. Kisha tukamsubiri bibi harusi. Mama Naishorua alikunja mikono, akasema, "Mimi nimetoka Handeni asubuhi na nimefika. Huyu yuko humo humo ndani, na bado yuko njiani."

Tulicheka sana, isipokuwa Hosiana. Yeye aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, maana kazi ile ndiyo inayomfanya aitwe dada na watu waliokuwa hawamsalimii. Alimwomba mama yule radhi na kumwahidi kwamba kadi zitatoka.

Basi kila mtu akawa fundi. Athuman alisema ni joto, akaivua kompyuta kitambaa cha kufuma tulichoifunikia. Ikabaki uchi na mwendo ule ule. Grasiana, ambaye ndiye anayekusomea risala hii, alisema ni kirusi, na alikwisha kulitangaza hilo hadi kanisani. Mzee Semboja alisema umeme ni mdogo, tukaenda kuzima redio za majirani.

Hosiana akampigia simu fundi wa shirika lako aliyeko Tanga. "Dada, kwanza tujue anayechora ni nani," fundi alimwambia. "Ni kadi ya picha iliyo humo ndani ya kompyuta, au ni prosesa, ule ubongo wake?" Akamwelekeza pa kutazama. Prosesa ilikuwa inachora kila kitu peke yake, na kadi ya picha imekaa bure.

"Nimeelewa," fundi akasema. "Sidii imeleta kiini kipya, yaani moyo wa programu nzima, na draiva iliyokuja nacho, ile programu ndogo inayoiamrisha kadi, haiitambui kadi yenu ya zamani. Usihangaike. Kiini cha zamani hakijafutwa. Zima, washa, orodha ikitokea chagua hicho cha zamani. Mimi nitawatafutia draiva inayofaa."

Hosiana akafanya hivyo. Bibi harusi akatokea kabla hatujavuta viti. Hosiana aliinama akalia kidogo kwa raha, nasi tukajifanya tunatazama dirishani.

Mambo yangeishia hapo kama si adabu zetu. Kamati ilikaa, na Mzee Semboja akauliza, "Mgeni anakuja kuzindua kipya, nyie mnamwashia cha zamani? Mtamweleza nini?"

"Nitamweleza kilichotokea, mzee wangu," Hosiana akajibu.

"Utamwambia mgeni kwamba zawadi yake ina dosari? Hapa Ngombezi?"

Kwa kuwa zawadi ya mgeni haiwezi kuwa na kosa, ilibidi kosa litafutiwe mtu, na likamwangukia Hosiana, aliyeiweka. Ameondolewa kwenye kompyuta. Kiini kipya kimerudishwa kwa ajili yako, na kadi za Keriako hazijatoka. Harusi ni Jumamosi.

Hivi sasa Hosiana yuko jikoni, anakupikia pilau. Anapika vizuri, hilo hatubishi. Lakini jana alituambia kwamba huenda akaenda kutafuta kibarua Korogwe mjini, na hilo limetuuma wote.

MAOMBI

Hatuombi kompyuta nyingine. Hii iliyo mezani mbele yako tumeiwasha tangu alfajiri, ili utakapofika iwe imemaliza kuwaka. Ukiamua kubonyeza kitufe cha uzinduzi, tunakuomba uvute kiti kwanza.

Au, kabla ya kubonyeza, useme kwa sauti, Mwenyekiti akisikia, kwamba sidii ilikuwa yako na hukasiriki kuambiwa imegoma. Mzee wetu si mtu mbaya. Anaheshimu wageni kupita kiasi, na neno lako atalipokea hapo hapo alipokaa. Kisha mwite Hosiana. Mwenzetu Yuditha amesimama mlangoni mwa jiko, tayari kuupokea mwiko. Hosiana ataizima, ataiwasha, atachagua kile cha zamani. Utakachozindua hakitakuwa kipya, lakini kitakwenda, na Mama Naishorua, aliyekaa safu ya nyuma, atarudi Handeni na kadi zake leo.

Mungu akupe afya, akufikishe salama nyumbani, na akuzidishie moyo wa kuvumilia ukweli kutoka kwa watu wanaokupenda.

Ni sisi, wanakikundi wa Mkonge Uchapaji, Ngombezi, tukimhesabu na katibu wetu, Hosiana.