Mama Nusu, Fundi Aliyewauliza Wenzake Wamekula Nini

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa. Uliye jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu. Leo tunamkumbuka fundi cherehani. Watu walimwita Mama Nusu. Alifariki wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Aliishi na ugonjwa wa kisukari miaka ishirini. Na kwa miaka kumi na miwili aliwafundisha wagonjwa wenzake kula.

Ndiyo, kula. Hata yeye alicheka alipoombwa kazi hiyo. Siku hiyo alikuwa kliniki, anafungwa kidonda. Vidole viwili vya mguu wa kulia vilikuwa vimekatwa, mguu uleule wa kukanyagia cherehani. Muuguzi akamwambia, "Mama, mimi nikiwaambia wapunguze wali wananiitikia, 'Ndiyo, sista.' Wakifika getini wameshasahau. Wewe unaumwa kama wao. Nisaidie."

"Sista, huo wali mimi mwenyewe unanishinda."

"Ndiyo maana nakuomba wewe."

Basi akakubali. Alijifunza kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, na kila Jumanne alasiri akawa anafunga kibanda chake, anakwenda kwenye chumba cha nyuma cha kliniki. Chumba kina madawati manne na dirisha lisilofunguka. Humo aliwakuta wenzake kumi na wawili, kumi na watano, siku nyingine watatu tu. Alikuja na sahani tupu. Anaigawa kwa chaki ya fundi: "Nusu hii mboga. Robo hii wali au viazi. Robo hii maharage, au samaki, au yai. Nusu, jamani, nusu!" Jina likamganda.

Wasikilizaji wapendwa, msidhani watu walibadilika kwa sababu ya sahani ya chaki. Walimdanganya. Walimdanganya kwa heshima zote. "Unakula vipi, baba?" "Mboga tupu, mama." "Na wewe?" "Mboga, mama, mpaka naona kijani." Kisha wanatobolewa kidole, na kipimo kinasema mengine.

Aliyewazidi wote alikuwa mlinzi wa ghala moja. Mtu mpole, mcheshi, sukari haishuki. Mama Nusu alimpigia simu kila jioni kabla hajaingia lindo. Alimfuata hadi getini kwake na mguu wake ule mbovu. Kila mara mlinzi alimwonyesha bakuli la mboga. Mwaka wake wa pili kikundini akapata kidonda kwenye kisigino. Akakificha. Alipovua kiatu mbele ya muuguzi, chumba kizima kilinuka.

Mlinzi alilazwa. Madaktari walizungumzia kumkata mguu.

Mama Nusu alirudi kibandani kwake siku hiyo. Binti yake, ambaye ni mwalimu na aliishi naye, ametusimulia. "Niliingia kibandani kumwita. Nikamkuta nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Ameshika pakiti ya biskuti, ameshaimaliza nusu. Nikamwambia, 'Mama!' Hakuificha. Akaniangalia tu. Akasema, 'Mwanangu, nimechoka. Nimechoka kuumwa, na nimechoka kuwa mfano. Wewe hujui, nikitafuna karoti sokoni watu wananitazama kama wananisahihisha mtihani.'"

Binti akampima. Kipimo kikasoma kumi na tisa. Wenye ugonjwa huu mnaijua namba hiyo, haina utani.

Jumanne iliyofuata hakutaka kwenda. Alikaa kitandani amevaa kiatu kimoja, cha pili amekishika mkononi. Binti hakumsihi. Alimwambia tu, "Mama, wanakungoja. Ukitaka nitakwenda niwaambie unaumwa."

"Naumwa kweli," akasema. Kisha akavaa kiatu cha pili.

Siku hiyo hakubeba sahani. Alikaa kwenye dawati pamoja na wenzake, akasema, "Wiki iliyopita nilikula biskuti pakiti nzima, kwa sababu ile nusu iliyobaki niliimaliza baada ya binti yangu kuondoka. Sukari yangu ilikuwa kumi na tisa. Miaka yote hii nimewahubiria. Mganga hajigangi. Sasa semeni na ninyi."

Kisha mama mmoja muuza mitumba akasema yeye hunywa soda chooni, wajukuu wasimwone. Mtu akacheka, wa pili akacheka, halafu mmoja akalia. Walikaa hadi mfagizi akaja kuwatoa. Kwa mara ya kwanza, wasikilizaji, kikundi kile kilisema kweli.

Kutoka hapo akamwendea mlinzi hospitali. Akamweleza naye habari ya biskuti. Mlinzi akageukia ukutani. Akasema polepole, "Mama, lile bakuli la mboga ni la mlinzi mwenzangu. Nilikuwa naliazima ukija. Kwangu tuko tisa, chungu ni kimoja, na mimi ndiye baba. Nitamwambiaje mke wangu anipikie peke yangu?"

"Nani kakwambia upikiwe peke yako?" Mama Nusu akamjibu. "Tutakwenda kuongea naye. Chungu kibaki kimoja. Kitabadilika kilichomo."

Akaenda. Alikaa jikoni kwa mke wa mlinzi siku tatu mfululizo, wakipika pamoja, mboga zikiongezeka na wali ukipungua kwa wote tisa. Watoto walinuna. Mke naye alinuna kidogo. Ilichukua miezi. Lakini sukari ya mlinzi ilishuka, kidonda kikafunga, na mguu wake haukukatwa. Anautembelea hadi leo.

Mama Nusu mwenyewe hakupona. Ugonjwa huu hauponi, unaishi nao. Macho yalififia hadi binti akawa ndiye anayemtungia uzi. Moyo ulidhoofika. Bado Jumanne alikwenda, na jioni alipiga simu zake, moja baada ya nyingine, sauti imekauka kwa uchovu: "Umekula nini leo? Niambie kweli, mimi si polisi." Alifariki mchana, amelala baada ya kushona sare moja ya shule. Moyo ulisimama.

Mazikoni mlinzi aliombwa aseme machache. Alisimama kwa miguu yake miwili. Akasema, "Mama huyu alinipigia simu kila jioni kuniuliza nimekula nini. Kila jioni, miaka mingapi sijui. Mimi sikumuuliza yeye hata siku moja." Akaketi.

Kwa binti yake, kwa wajukuu, kwa wenzake wa Jumanne, tunawapa pole kutoka moyoni. Mwenyezi Mungu ampumzishe, maana alichoka kweli.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kabla hamjalala leo, mfikirieni yule anayewauliza hali kila siku. Dada, shemeji, jirani, mgonjwa mwenzako. Mpigie. Muulize yeye amekula nini. Na akikujibu "nipo tu," usikate simu.