Bi Wazo Kuu na Watu wa Kwenye Vifungu

Ndugu waombolezaji, wazazi wetu, majirani, walimu, na ninyi nyote mliowahi kukaa kwenye kile kiti cha barazani na karatasi ya Kiingereza mapajani, familia inawashukuru kwa kuja, na inaomba mmvumilie anayewasomea, maana ni mke wa kitinda mimba wa marehemu, hajazoea kusema mbele za watu, na si kwamba alijipendekeza kusimama hapa, marehemu mwenyewe ndiye aliyemchagua, tena wakati wifi yake mkubwa, binti wa marehemu ambaye ni muuguzi na sauti yake inafika hadi barabarani, alikuwa ameshajitolea. "Hapana," alisema marehemu, "asome huyu mwoga. Ninyi wengine mtasoma kila kitu mpaka watu wachomwe na jua. Huyu nimemfundisha kuacha."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa tatu wa mlinzi wa ghala na mama muuza karanga, na wote waliomjua utotoni wanasema alikuwa mtoto wa kuduwaa, ukimtuma chumvi anarudi na hadithi. Kazi yake nyumbani ilikuwa kukunja karatasi za kufungia karanga, na karatasi zenyewe zilikuwa za mitihani ya zamani iliyotupwa na shule ya jirani, za Kiingereza, zenye vifungu vya habari juu ya watu wa mbali wanaotembea kwenye theluji, wanaofuga nyuki, wanaopanda mnara kila asubuhi kutia ufunguo saa ya mji, naye kabla hajakijua Kiingereza alikuwa akizitazama tu, kama mtu anayepita nje anavyotazama dirisha la nyumba yenye taa. Alipoanza kukijua ikawa mbio, kwa sababu mteja amesimama, mama yake ameshachota karanga, na karatasi ikishakunjwa imekwenda.

"Wewe, hiyo karatasi inasomwa au inakunjwa?"

"Inakunjwa, mama."

"Mbona midomo inacheza?"

Hapo ndipo, kama alivyokuwa akiwasimulia wanawe, alipojifunza kushika habari nzima kwa kutupa jicho mara moja, na hapohapo akapata ugonjwa wake wa maisha, yaani kuwafikiria wale watu walioondoka na karanga, mfuga nyuki, mzee wa saa, dada wawili wenye mwavuli mmoja, waliishia wapi, maana vifungu vya mtihani hukatika palepale habari inaponoga, yakaingia maswali.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1972 hadi 1975, na mtihani wa mwisho wa Kiingereza nusura umponze, kwani kifungu kilichotoka kilikuwa cha yuleyule mzee wa saa ya mji, akashtuka kama mtu aliyekutana na mjomba wake sokoni, na swali lilipouliza kwa nini saa ilisimama, jibu likiwa wazi kabisa kwenye kifungu kwamba ilishika kutu, yeye akaandika kwamba mzee alikuwa ameenda harusini kwa binti yake, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokuwa ameshaamua tangu enzi za karanga. Alama za swali hilo zikaenda na maji. Alifaulu, lakini kwa kubanana mlangoni, na tangu hapo hakuna mwanafunzi aliyepita mikononi mwake asiyeambiwa, "Jibu litoke kwenye kifungu. Lile la moyoni litunze, utalihitaji siku nyingine."

Baada ya chuo cha ualimu aliajiriwa tarehe 3 Januari 1978, akafundisha Kiingereza katika shule tatu hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2017, na katika miaka yote hiyo somo alilolipenda ni lile ambalo walimu wenzake walilikimbia, ufahamu, kusoma kifungu na kutafuta wazo kuu. Alikuwa na mtindo wake. Wanafunzi wakishasoma, aliwaamuru walaze karatasi kifudifudi, yeye akachukua mkoba wake, akauweka begani, akasimama mlangoni mguu mmoja nje, na kusema, "Haya, mimi ninaondoka, gari linanguruma, niambieni jambo moja tu."

"Mwalimu, kifungu kinahusu nyuki!"

"Nyuki wamefanya nini? Ninaondoka."

"Wanakufa, Mwalimu!"

"Kila kitu kinakufa. Nimeshavuka kizingiti."

"Wanakufa kwa sababu watu wamefyeka maua yote!"

"Eeh, sasa nimesikia," na anarudi ndani, anaweka mkoba mezani, darasa linapiga makofi kama vile kweli alikuwa anakwenda safari. Ndiyo maana mitaani akaitwa Bi Wazo Kuu, na wanaume wazima wenye mvi walikuwa wakimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, naye anaitika.

Ndoa yake ilitokana na mlango huohuo. Mwaka 1981 alikuja shuleni fundi makochi kubadilisha vitambaa vya viti vya ofisi ya walimu, kijana mkimya, ambaye ukimwuliza habari za asubuhi anafikiria kwanza, akawa anafanya kazi chini ya dirisha la darasa lake na kusikia mambo yote ya nyuki na theluji, na siku ya mwisho alifungasha misumari na nyundo, akaweka mfuko begani, akasimama kwenye mlango wa ofisi mguu mmoja nje, akasema, "Nataka kukuoa. Mengine nitakueleza nikirudi." Walimu wengine walidondosha chaki. Marehemu akamjibu, "Hilo limeeleweka," na wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, na baba yupo hapa mbele, amekaa kwenye kiti alichokishona mwenyewe, na mpaka leo hayo mengine hajayamaliza kuyaeleza.

Walijaliwa watoto wanne, muuguzi, mwashi, mfanyakazi wa benki, na kitinda mimba ambaye ni dereva wa malori, na waliishi katika nyumba ileile mnayoijua, ya dirisha la bluu, ambamo hakuna aliyeruhusiwa kukaa mezani kabla hajaeleza siku yake yote kwa sentensi moja, hata wageni, hata fundi bomba. Mwashi aliwahi kusimama chakula kikapoa. "Leo tumejenga..." "Hiyo ni kazi yako ya kila siku, siku yenyewe ilikuwaje?" "Leo ukuta ulianguka na mimi nikacheka." "Kaa, mwanangu, kula."

Katika nyumba hiyo ndimo alimoingia anayewasomea, Oktoba 2022, akiwa na ujauzito wa miezi mitano na begi moja, hajafanya mtihani wake wa kidato cha nne, mume yuko safarini, akitegemea maneno, maana nyumba nyingine angeyapata ya kutosha. Marehemu alimtazama kutoka juu hadi chini, akamwambia asimame palepale aeleze siku yake kwa sentensi moja, na msichana, kwa hofu, akasema, "Leo nimeogopa tangu asubuhi." "Kaa, mama," akajibiwa, "hapa umefika." Mtoto alizaliwa tarehe 20 Februari 2023, na arobaini ilipopita tu, kiti cha pili kikatolewa barazani, karatasi zikashushwa kutoka juu ya kabati, na masomo yakaanza, mmoja akimenya viazi, mwingine akinyonyesha huku kifungu kimelazwa juu ya mgongo wa mtoto kama vile mtoto ni dawati.

Msichana alifanya mtihani mwaka jana kama mtahiniwa wa kujitegemea, masomo yote akapita, Kiingereza akaanguka, na bila Kiingereza chuo cha uuguzi hakimchukui. Shida yake haikuwa kusoma. Shida ni kwamba alipigia mstari kila kitu, mkono ukishika kalamu hauachi hata nukta, muda unaisha hajajibu.

"Umepigia mstari karatasi nzima, mwanangu. Si bora ungeipaka rangi?"

"Mama, mimi naona yote ni muhimu."

"Unaona ukiacha kitu ndicho kitakachokurukia."

Basi akamnyang'anya kalamu. Mwaka mzima alimfundisha bila kalamu, asome, alaze karatasi, na marehemu anavaa kandambili zake, anashika fremu ya mlango wa barazani, anangoja. Mchana kukiwa kimya na pazia la bluu linapumua dirishani, wakishamaliza kutafuta jibu la mtihani, walitafuta lile jibu jingine, la moyoni, dada wawili walifikishana kwao au mvua iliwatenganisha, mfuga nyuki alipanda maua mapya au alihama, mpaka ikawa kwamba watu wale walikuwa kama majirani wa nyumba ya nyuma, unasikia kikohozi chao, unajua mwendo wao.

Maradhi yalianza Februari mwaka huu kwa maumivu ya tumbo ambayo aliyaita gesi, akapelekwa hospitali, akapimwa, na tarehe 18 Machi daktari aliingia wodini na picha na majibu, akaanza kueleza, kongosho, mishipa, uvimbe, asilimia, akizunguka kama mtu anayetafuta pa kuegesha gari, marehemu akamsikiliza kwa adabu yote, kisha akasema, "Daktari, mwanangu, umesoma kifungu vizuri sana. Sasa kilaze. Wazo kuu ni lipi?" Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema, "Mama, hii ni saratani, na hatutaweza kuiondoa." "Asante," akasema, "hilo limeeleweka," akamshika mkono, na ilionekana ni yeye anayempa pole daktari.

Alirudishwa nyumbani mwezi Mei kwa matakwa yake, kitanda kikawekwa sebuleni kielekee mlango wa barazani, na dawa za maumivu zilipozidi akaanza kupokea wageni ambao wengine hawakuwaona. "Mpe kiti mfuga nyuki, ametoka mbali." Anayewasomea alitazama sebule tupu, akaogopa, halafu akaleta kiti. Siku nyingine walikuja dada wawili, wamelowa, akaagiza mwavuli wao ufunguliwe kwenye kona ukauke, na baba akaondoa meza ndogo pale konani ili upate nafasi. Mzee wa saa alikuja mara nyingi, wakacheka, naye alipoulizwa wanacheka nini akasema, "Ananiambia saa ilisimama kweli kwa sababu ya harusi. Wale wasahihishaji wanirudishie alama zangu." Mwenyewe hakuwa na hofu hata chembe, nyumba ilikuwa nyepesi, kama nyumba inayosubiri watoto watoke shule, na mmoja tu ndiye aliyekuwa akiogopa humo.

Alhamisi, tarehe 5 Juni, mchana, aliomba asomewe kifungu, chochote, na msomaji akachagua kile cha mwanamke anayevuka ziwa lililoganda akiwa na taa mkononi, akasoma polepole, pazia likipumua, mtoto amelala chini ya kitanda alipopenda kulala, akafika mwisho, pale kinapokatika, mwanamke bado yuko katikati ya barafu, akalaza karatasi kifudifudi kama alivyofundishwa, akainua uso ili aseme wazo kuu, na hakukuwa na wa kumwambia.

Familia inamshukuru yule daktari, ambaye tangu siku ile alikuwa akiingia wodini anaanza na wazo kuu ndipo anasalimia, inawashukuru wauguzi wote wa zamu, inawashukuru majirani walioleta viti, maji, na kuni bila kuulizwa, walimu wenzake na wanafunzi wake wa miaka yote, pamoja na yule fundi bomba, ambaye juzi alisimama mlangoni akakataa kukaa mpaka aseme sentensi yake, kisha akashindwa kuisema.

Imebaki moja. Mtihani wa marudio wa Kiingereza ni Jumatatu, keshokutwa, saa mbili asubuhi, na tangu Alhamisi anayewasomea amekuwa akisema haendi, kwamba mtoto hana wa kumshika, kwamba haifai kufiwa Alhamisi na kuingia mtihani Jumatatu, kwamba wifi yake atamwelewa, na wifi yake akasema, "Sikuelewi hata kidogo," na yeye akaendelea kuhesabu sababu, zote muhimu, zote amezipigia mstari. Leo alfajiri wakati watu wanapanga viti, baba alivaa viatu vyake, akasimama kwenye mlango wa barazani mguu mmoja nje, akasema, "Jumatatu mtoto yuko na mimi karakana," akaenda zake.

Marehemu ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba, na watu wengi wa kwenye vifungu ambao sasa hawana wa kuwafikiria isipokuwa mmoja. Marehemu ameshavaa kandambili. Mguu mmoja uko nje, gari linanguruma, na aliyefundishwa kuacha ameacha yote mengine.

Mama, Jumatatu ninaingia. Mengine nitakueleza tukionana. Nenda taratibu, upumzike.