Maziwa Niliyoyamwaga Bafuni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mnisamehe nikiongea huku nikitazama chini. Nimekuja kumshukuru Mungu, lakini shukrani yangu ina aibu ndani yake.

Nilipojifungua binti yangu, muuguzi aliniambia vipimo vimeonyesha nina homa ya ini, ile ya B. Akaanza kunieleza. Kitanda cha pili amelala jirani yetu wa hapa Ipuli, nikaona ametega sikio. Nikasema nimeelewa. Ndugu zangu, sikuelewa kitu! Kichwani mwangu huo ulikuwa ugonjwa wa wahuni. Mume wangu angenifikiriaje?

Nikajiamulia kwamba maziwa yangu ni sumu. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Sikonge kunilea uzazi, nikamdanganya kwamba maziwa hayatoki. Maskini, aliniamini. Kila asubuhi alinipikia uji wa karanga, mzito, nami nikaunywa wote, maana mzazi hakatai uji wa mkwewe. Basi maziwa yakajaa hadi kifua kikauma. Nikawa nayakamua bafuni na kuyamwaga, huku mtoto akinyweshwa ya ng'ombe yenye maji. Akaharisha. Akakonda mpaka ngozi ya mapaja ikalegea.

Nanyi mama zangu mlikuja kuniombea maziwa yatoke. Mlipiga magoti sakafuni kwangu, nami nikaitikia amina! Katikati ya maombi mtoto akalia, gauni langu likalowa kifuani mbele ya macho yenu. Nilitamani ardhi inimeze. Mliona, mkanisitiri kwa kunyamaza.

Mlipoondoka, mama mkwe aliniuliza, "Mwanangu, hayo maziwa unamwekea nani?"

Nikalia, nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alimwita mume wangu, akambeba mtoto, tukaenda kliniki wote.

"Mama, mnyonyeshe," muuguzi alisema. "Chanjo ya kwanza alichomwa siku ile ile aliyozaliwa. Kunyonya hakumwongezei hatari, ila chanjo zilizobaki asikose hata moja. Chuchu zikipasuka na kutoa damu, njoo upesi."

Akasema wengi huupata ugonjwa huu kwa mama zao siku ya kuzaliwa, bila uhuni wowote. Mume wangu naye akapima. Hakuniuliza nimeupata wapi, na hilo lilinitoa machozi kuliko kama angefoka.

Ugonjwa bado ninao, ndugu zangu, nahudhuria kliniki. Mungu ameniokoa na aibu iliyokaribia kumuua mwanangu kwa njaa nyumba ikiwa na chakula. Dada uliyepewa majibu ukayafungia moyoni, mtumaini Mungu, kisha rudi ukamuulize muuguzi hadi uelewe.

Mnamsikia huyo anayelia kule nyuma? Ni wangu, kanenepa, hana subira. Mama, niletee. Leo nitamnyonyesha hapa hapa, mbele yenu wote.